UZI: Fedha za kufanya njia panda za mjini ziwe salama kwa waenda kwa miguu na baiskeli: ziko fungu gani, zinaombwaje, na kwa nini maombi mengi hukwama

MpangaMitaa
Wakuu, kila ajali ikitokea njia panda tunasikia kauli ileile: hakuna bajeti. Bajeti ipo, ila imekaa kwenye mafungu tofauti, na kila fungu lina mwenyewe, msimu wake na aina ya kazi linayokubali. Naanza na Tanzania, wa Kenya wataongeza ya kwao.

Kabla ya barua yoyote, jua njia panda ni ya nani. Makutano mamoja yanaweza kuwa na wenyewe wawili: barabara kuu ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), na barabara ya mtaa inayoingilia hapo ni ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini). Zebra mnayoitaka ikiwa kwenye mkono wa TANROADS, yaani barabara yake inayoingia hapo, barua kwa Meneja wa TARURA wa Wilaya itakaa mezani kwake bila kosa lake. Chora makutano kwenye karatasi, andika mwenye kila mkono, weka mpaka wa hifadhi ya barabara. Mkikuta wenyewe wawili, barua ni mbili, na kila moja iwe na nakala kwa mwenzake.

La pili ni Mfuko wa Barabara, unaotokana na tozo ya mafuta. Sheria inataka walau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo na dharura, na maendeleo yasizidi asilimia 10. Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Ukiandika "tunaomba kujengewa makutano ya kisasa" umejiweka kwenye ile asilimia 10, na foleni ya huko ni ndefu kuliko ya Barabara ya Mandela, Dar, saa kumi na moja jioni. Ukiandika alama za barabarani, michoro, mawe ya ukingo yaliyong'oka, mfereji uliozibiwa na kivuko kilichofutika, umeingia kwenye matengenezo. Makutano ni yaleyale, fungu ndilo limebadilika.

Na siku nzuri kuliko zote ni ile barabara inapofanyiwa matengenezo ya muda maalumu. Lami mpya ikimwagwa, michoro yote hufutika na lazima irudiwe. Mkandarasi yuko eneo la kazi na mitambo yake, gharama ya kuhamia imeshalipwa. Hapo kuhamisha zebra kuja mahali watu wanapovukia kweli, kubana kona au kuongeza kisiwa cha katikati ni nyongeza ndogo. Ukisubiri lami ikauke halafu ukaja kuomba, unaomba mradi mpya.

kata_ya_juu
Mkuu MpangaMitaa, sawa kabisa. Ila utajuaje barabara gani inafanyiwa matengenezo mwakani? Wananchi huwa tunaona greda tu asubuhi.

MpangaMitaa
Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ikifika Julai umeshachelewa. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka, vikao vya mitaa na kata vinafuata, kisha Baraza la Madiwani, Bodi ya Barabara ya Mkoa, na Bunge kuanzia Aprili. Kwa hiyo hoja iwe imeingia kwenye kumbukumbu za Kamati ya Maendeleo ya Kata ifikapo Oktoba au Novemba. Nasema kumbukumbu: mhtasari uliosainiwa, wenye jina la makutano na kazi inayoombwa. Diwani akisimama barazani bila mhtasari, mhandisi atajibu "tumepokea" na hadithi imeishia hapo.

Orodha ya barabara za mwaka unaofuata inaanza kuandaliwa ofisi ya TARURA ya wilaya miezi hiyohiyo. Nendeni mkaiulize, si siri.

Ziwani_NMT
Kwetu Kenya kalenda imo kwenye sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kwa hiyo hakuna kubahatisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha ni Februari 28. Makadirio ya bajeti ni Aprili 30. Watu wengi hujitokeza Mei kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma, wakati viwango vya kila idara vimeshafungwa tangu Februari na kinachobaki ni kuhamisha vijisenti. Pelekeni memoranda, yaani maoni yenu kwa maandishi, mwezi wa nane, makutano yenu yatajwe kwa jina kwenye ule mpango wa mwaka. Mradi usiokuwemo humo ni vigumu sana kuuchomeka baadaye.

Kuhusu mwenye barabara: mamlaka ya KeNHA ni barabara kuu za kitaifa, KURA ni za mijini za kitaifa, KeRRA ni za vijijini za kitaifa, zilizobaki ni za kaunti. Tozo ya matengenezo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, na inagawanywa kupitia Bodi ya Barabara.

Walio Nairobi wana silaha moja wanayoisahau. Sera ya kaunti ya 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini inasema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembeao, baiskeli na usafiri wa umma. Kwenye memoranda usiseme "tunaomba mtujali". Andika: fungu la barabara ni kiasi hiki, asilimia 20 yake ni kiasi hiki, kilichotengwa kwenye rasimu ni hiki, tofauti ni hii, na makutano haya matatu yanaweza kuimaliza.

Hesabu_za_Njiani
Naongezea takwimu, maana bila hizo afisa anayesoma ombi lako hawezi kukupandisha juu ya mwingine.

Msitegemee rekodi za polisi peke yake. Mahali pa ajali mara nyingi huandikwa jina la eneo zima tu, na eneo hilo lina njia panda kumi. Majeruhi wengi hupelekwa hospitali moja kwa moja na bodaboda, wengine hawafuatilii hata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Ombeni hesabu za polisi, ndiyo, lakini ziwekeni kando ya mambo matatu mnayoweza kuyapima wenyewe.

Kwanza idadi ya wanaovuka. Saa 12 asubuhi hadi 12 jioni, mnaandika kila dakika 15, Jumanne hadi Alhamisi, na siku ya gulio kama lipo. Tenganisheni watu wazima, watoto wenye sare, wenye mizigo ya mikokoteni, wenye viti vya magurudumu, baiskeli. Kila mkono wa makutano uwe na mtu wake na karatasi yake. Mtu mmoja akihesabu mikono miwili, ikifika saa moja asubuhi atakadiria.

Pili kasi. Kama hamna kifaa cha rada, pigeni alama mbili za chokaa zilizoachana mita 50, kabla ya makutano, na saa ya simu. Sekunde 3.6 ni kilomita 50 kwa saa, sekunde 6 ni kilomita 30. Chukueni magari yaliyo huru tu, si lililobanwa nyuma ya daladala. Mkishapata 100, yapangeni kutoka la polepole hadi la kasi, na kasi ya gari la 85 ndiyo wahandisi wanayouliza. Onyo: ukikosea kwa sekunde 0.2 pale kwenye 3.6, kasi inasogea kwa karibu kilomita 3, kwa hiyo msiandike nukta za desimali kana kwamba mna mtambo.

Tatu kukoswakoswa: breki za ghafla, mtu kurudi nyuma mbio, baiskeli kusukumwa ukingoni. Saa mbili za msongamano na saa mbili za barabara kuwa wazi. Mara nyingi ile ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu magari yanakimbia.

Halafu mweke sentensi moja ya kufunga hoja: kwa mujibu wa WHO, kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo hupanda kwa asilimia 4. Hiyo inatosha. Kurasa tatu za utangulizi kuhusu umuhimu wa usalama barabarani hazisomwi.

Mzee_wa_Daraja
Mnazunguka sana vijana. Jengeni daraja la waenda kwa miguu, watu wapite juu, magari chini. Kazi imekwisha.

Zege_na_Lami
Mzee wangu shikamoo. Kwenye barabara ya njia sita yenye magari ya kasi, sikatai, kuna mahali daraja lina hoja. Njia panda ya mjini ni jambo jingine, tupige hesabu.

Malori yanahitaji nafasi ya kama mita 5.5 chini ya daraja. Mteremko unaopandika kwa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Zidisha: mita 66 za kupanda kila upande, kabla hujaweka unene wa daraja lenyewe na sehemu tambarare za kupumzikia. Yaani mama mwenye mtoto mgongoni anaongezewa zaidi ya mita 130 ili kuvuka barabara ya mita 14. Atapita chini tu. Ndipo mnaanza kujenga uzio, watu wanautoboa, na sasa wanavuka mahali ambapo dereva hawategemei kabisa. Ukiacha miteremko ukaweka ngazi peke yake, umewafungia nje wazee, wenye ulemavu na kila mwenye baiskeli.

Kwenye ombi la fedha daraja lina ubaya mwingine. Linameza bajeti ambayo ingetosha njia panda nyingi, na linahitaji uchunguzi wa udongo, nafasi kwenye hifadhi, pengine na fidia. Mfadhili akiona fidia anarudisha faili.

Mzee_wa_Daraja
Marahaba. Haya, nionyesheni hicho kinachotosha njia panda nyingi, kwa vipimo, si maneno.

Zege_na_Lami
Kivuko kilichoinuliwa, barabara ya upana wa mita 7. Sehemu ya juu tambarare mita 4, miteremko mita 1.5 kila upande, kimo milimita 100. Jumla urefu wa mita 7 kufuata barabara. Ikiwa ni njia ya mabasi makubwa, tambarare iwe mita 6 na kimo kishuke hadi milimita 75, la sivyo kampuni za mabasi zitakuwa za kwanza kulalamika na kivuko kitachimbuliwa.

Zege: usilimwage juu ya lami. Ncha ya mteremko inakuwa nyembamba kama chapati, na matairi ya lori huimeng'enya mapema sana. Kata lami, chimba milimita 100 eneo lote la 7 kwa 7, uweke wavu wa nondo wa BRC. Hesabu: chini ya usawa wa lami ni mita za ujazo 4.9, juu yake 3.85, jumla 8.75. Ongeza asilimia 10 ya upotevu upate kama 9.6. Kwa zege la C25, mifuko 7 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, ni mifuko 67. Jenga nusu ya barabara kwanza, magari yapite nusu nyingine, na usiruhusu gari juu ya zege kabla ya siku saba za kumwagilia maji. Kama jirani watakushinda kwa presha ya kufungua barabara mapema, tumia vitofali vya pevingi vya milimita 80. Vile vya 60 ni vya njia ya miguu, chini ya lori vinazama.

Zebra juu yake: mistari ya nusu mita, nafasi nusu mita, kwa mita 7 ni mistari saba. Eneo la rangi mita za mraba 14. Rangi ya kuyeyushwa kwa moto, unene wa milimita 3, hula takribani kilo 6 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kilo 84, mifuko minne ya kilo 25. Juu ya zege lazima upake kwanza dawa ya kushikisha, vinginevyo inabanduka vipande vizima. Na shanga za kioo zinyunyizwe rangi ikiwa ya moto bado; zikikosekana, usiku mvua ikinyesha dereva haoni kitu. Rangi ya kawaida ya kopo ni rahisi, lakini kwenye njia ya daladala utairudia kabla bajeti nyingine haijafika.

Sasa kinachoua vivuko hivi kuliko yote: maji. Umejenga ukuta wa milimita 100 kukatisha barabara, masika yakija maji yanatuama mbele yake na watu wanahamia pembeni kuvuka kwenye kona. Bomba la inchi nne halisaidii, linaziba kwa mifuko na mchanga. Acha mfereji wa upana wa milimita 300 kila ukingo, uufunike kwa mifuniko ya zege yenye nondo inayoinulika. Mifuniko ya chuma itaondoka usiku kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mfereji huu uandikwe kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo vyake, kama kipengele chake. Ukiufichia ndani ya "kazi nyinginezo", mkandarasi ataukata wa kwanza.

Mzee_wa_Daraja
Hapo nimekuelewa.

pedali_tatu
Na baiskeli? Njia ya baiskeli inakuja vizuri pembeni ya barabara, ikifika njia panda inapotea, unajikuta kati ya fuso na bajaji.

Zege_na_Lami
Kwa sababu michoro ya barabara huanza na kuishia kati ya makutano na makutano. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo hatari kubwa ni gari linalokata kushoto mbele ya baiskeli inayokwenda moja kwa moja. Dawa ni tatu, zote ni za mawe ya ukingo na rangi.

Bana kona: nusu kipenyo cha mita 4 au 5 badala ya 12 au 15, dereva analazimika kupunguza. Ondoa ile njia ya kuchepukia kushoto bila kusimama, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Na sogeza kivuko cha baiskeli nyuma ya kona kama mita 5, gari likishakata kona lipate nafasi ya kusimama likiwa limemwona mwendesha baiskeli ubavuni. Kisiwa cha katikati kiwe na upana wa mita 2 au zaidi, maana baiskeli yenyewe ni kama mita 1.8, na ya mizigo inazidi.

Mhandisi atakuuliza kuhusu malori. Weka sehemu ya ndani ya kona kwa mawe yaliyoinuka kidogo, lori lipande, gari dogo likwepe. Na onyesha njia ya magurudumu ya lori kwenye mchoro kabla hajauliza.

kata_ya_juu
Bodaboda watahamia humo humo.

Zege_na_Lami
Watahamia. Nguzo fupi zenye nafasi ya mita 1.2 kati yake zinazuia bajaji, ambayo upana wake ni mita 1.3, na kiti cha magurudumu kinapita. Bodaboda nguzo hazimzuii hata kidogo. Ukizibana hadi zimzuie, umezuia na kiti cha magurudumu, na hapo ombi lako linapoteza hoja yake nzuri kuliko zote. Kwa bodaboda kinachosaidia ni kuwapa mahali pao pa kuegesha mita 15 au 20 kabla ya kona, kwa rangi na kibao, nao wakubaliane kabla ya ujenzi. Vivyo hivyo machinga: wakiwa hawamo kwenye mchoro, watakuwamo kwenye njia.

Faili_la_Mradi
Nije kwenye wafadhili wa nje, maana naona wengi mnaniuliza hayo inbox. Nitakuwa mkali kidogo: kikundi cha mtaa hakipati fedha moja kwa moja kwenye mifuko mikubwa. Mfuko wa Usalama Barabarani wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa 2018, hufanya kazi kupitia mashirika ya UN na serikali. GRSF, mfuko wa usalama barabarani ulio chini ya Benki ya Dunia, ni zaidi ya utaalamu, mafunzo na tathmini kuliko zege. Msipoteze miezi sita kuandika ombi la saruji kwa mfuko usionunua saruji.

Panapowezekana ni kwenye mikopo ambayo tayari ipo mjini kwenu. TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, inagusa miji 45 ya Tanzania, na Dar ina mradi wake, DMDP awamu ya pili. Miradi ya Benki ya Dunia iliyoanza kuandaliwa baada ya Oktoba 2018 inafuata mfumo wa viwango vya mazingira na jamii, na kiwango cha nne, ESS4, kinahusu afya na usalama wa jamii pamoja na usalama barabarani. Maana yake barabara ikijengwa kwa fedha hizo, usalama wa anayevuka ni sharti la mkopo, hamuombi hisani. Kwenye kikao cha wadau taja ESS4 kwa jina, taja makutano, ambatisha hesabu za kasi na wavukaji, dai jibu kwa maandishi. Wasipojibu, kila mradi una dawati la malalamiko, na malalamiko yake yana namba. Jambo hili lifanyike wakati wa usanifu. Mkandarasi akishasaini, kila mabadiliko ni agizo la nyongeza, na hapo kila mtu anakuwa mgumu.

Mfano wa kuambatisha: programu ya SARSAI ya shirika la Amend, iliyofanya kazi kuzunguka shule za Dar kwa njia za miguu, matuta, alama na nguzo, ikasaidiwa na FIA Foundation. Ilipata tuzo ya WRI Ross ya 2019, dola 250,000, na tathmini yake ilionyesha majeruhi kupungua hadi kwa asilimia 26. Ni vitu vidogo vilevile alivyovieleza Zege_na_Lami. Kama makutano yenu yapo karibu na shule, andikeni ombi kupitia shule, milango inafunguka haraka zaidi.

Kampuni za mjini, hasa za saruji, mafuta na benki, ziombeni vitu badala ya fedha: mifuko 67, kilo 84 za rangi, nguzo 8. Kampuni inapenda kitu kinachohesabika. Ila kibao chao cha matangazo kisikae kwenye kona. Kinaziba macho ya dereva palepale mnapotaka aone.

Ziwani_NMT
Na ruhusa kwanza. Msipake zebra wenyewe usiku kwa ari njema. Bila idhini ya mamlaka, dereva akimgonga mtu hapo, swali la kwanza litakuwa nani aliichora.

MpangaMitaa
Niweke na ukurasa wa fedha, kwani hapo ndipo hata maombi mazuri hurudishwa. VAT iandikwe mstari wake: asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya. Wafadhili wengi hawailipi, na usipoiona mapema pengo linajitokeza siku ya zabuni. Usimamizi wa magari wakati wa ujenzi, yaani vibao, koni, watu wa bendera na taa za usiku, uwe na fungu lake. Ukaguzi wa usalama ufanywe na mtu asiyekuwa msanifu, mara mbili: kwenye michoro, na kabla ya kufungua barabara. Na barua ya mamlaka kwamba baada ya makabidhiano itabeba matengenezo, ikitaja kurudia rangi na kuzibua mifereji kabla ya masika na kabla ya vuli.

Tanzania zabuni za serikali zinapita NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, kwa hiyo fedha zikipitia TARURA ratiba yenu iwe na miezi ya manunuzi. Mnaoahidi wazazi kwamba kivuko kitakuwa tayari shule zikifunguliwa Januari, na fedha zimetoka Novemba, mnajitafutia lawama.

Hesabu_za_Njiani
Nyongeza kwa hilo. Hesabu ya baada ya ujenzi iwekwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, kwa alama zilezile za chokaa, saa zilezile, siku zilezile za wiki, na shule ziwe wazi. Ifanyeni mwezi wa tatu, si wiki ya kwanza, maana wiki ya kwanza madereva wote wanashangaa. Irudieni tena kabla muda wa matazamio haujaisha, wakati sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imeshikiliwa. Ncha ya mteremko ikiwa imeshaanza kumeguka au maji yanatuama, wakati huo bado anarudi kurekebisha kwa gharama yake.